Kamati ya wanakijiji ipo, lakini inaamua nini?

Swali la msomaji:

"Ninashughulikia masuala ya jamii katika hifadhi ya msitu inayopakana na vijiji sita. Miaka mitatu iliyopita tuliunda kamati ya wawakilishi wa vijiji hivyo. Tunakutana kila baada ya miezi mitatu, tunawaeleza mipango, wanatoa maoni, tunaandika muhtasari. Sasa mahudhurio yanapungua, mitego ya nyaya inaongezeka, na mwaka huu msitu umechomwa makusudi mara mbili. Mkuu wangu anasema wanakijiji hawana shukrani, na kwamba tukiwapa madaraka zaidi watamaliza msitu. Sikubaliani naye, lakini sina la kumjibu. Tumekosea wapi, na tuanzie wapi kurekebisha?"

Jibu:

Ndugu yangu, katika maelezo yako kuna neno "tunawaeleza". Naomba tuanzie hapo.

Toa mihutasari yote ya kamati ya miaka hii mitatu, keti nayo jioni moja, upige mstari chini ya kila jambo ambalo kamati iliamua na likatekelezwa hata pale ofisi ilipopendelea vingine. Usihesabu maoni yaliyopokelewa, wala mambo yaliyokwisha kuamuliwa ofisini yakaletwa kuthibitishwa. Hesabu maamuzi. Kama mistari haipo, au ipo miwili tu inayohusu tarehe ya kikao kijacho, basi umeshajua mlipokosea. Wajumbe wako wamechoka kuitwa kusikiliza. Mtu anayeacha kazi zake siku nzima anataka kurudi nyumbani na neno la kuwapelekea waliomtuma, na kila mara anarudi na lile lile: wametuambia.

Katika kazi yetu maneno mawili huchanganywa kila siku, usimamizi na utawala. Usimamizi ni kazi zenyewe: doria, kusafisha njia za kuzuia moto, kuhesabu wanyama, kurudishia miti palipoharibika. Utawala ni habari ya nani anaamua kazi hizo ziwe zipi, fedha zitoke wapi na ziende wapi, na nani atasimama kujibu mambo yakiharibika. Kijiji kinaweza kushiriki usimamizi kwa miaka ishirini, kikabeba miche na kuzima moto, bila kugusa utawala hata siku moja. Hapo ndipo ilipo kamati yako.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliyatenganisha mambo haya waziwazi katika miongozo yake ya mwaka 2008. Kwa upande mmoja liliweka kategoria sita za hifadhi kulingana na lengo, kuanzia eneo lisiloguswa kabisa hadi eneo ambalo watu huvuna kwa kiasi. Kwa upande mwingine likaweka aina nne za utawala: hifadhi inayotawaliwa na serikali, inayotawaliwa kwa pamoja, inayotawaliwa na mtu au taasisi binafsi, na inayotawaliwa na watu wa asili na jamii zenyewe. Kategoria yoyote inaweza kwenda na aina yoyote ya utawala. Mkuu wako akisema msitu huu unalindwa vikali kwa hiyo ni lazima uamuliwe na ofisi peke yake, anaunganisha vitu viwili ambavyo havijafungamana. Iko misitu ya matambiko ambayo haijakatwa mti kwa vizazi, na haijawahi kuwa na ofisi.

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Sherry Arnstein, alichora ngazi ya vidaraja vinane vya ushirikishwaji. Alikuwa akizungumzia mipango ya miji, si misitu, lakini ngazi yake inafaa kabisa huku kwetu. Chini kabisa ni kuwatumia watu ili ionekane wamo. Daraja la tatu ni kuwapa taarifa, la nne ni kuchukua maoni yao, na yote mawili aliyahesabu kuwa ushirikishwaji wa jina tu, kwa sababu anayesikilizwa hana namna ya kuhakikisha alichosema kimefanyiwa kazi. Ubia unaanza daraja la sita. Kamati yako imekaa kati ya la tatu na la nne, na imekaa hapo miaka mitatu. Mwaka wa kwanza watu huvumilia, kwa sababu wanadhani huo ni mwanzo tu.

Jambo la pili, na hili ndilo zito kuliko yote: mpaka wa hifadhi yenu ulichorwaje?

Ninauliza kwa sababu ya ile mioto miwili. Moto wa makusudi ndani ya hifadhi mara nyingi ni ujumbe, na mara nyingi ujumbe wenyewe unahusu ardhi. Tangu Yellowstone ilipotangazwa nchini Marekani mwaka 1872, mfano uliosambaa duniani ulikuwa wa hifadhi isiyo na watu, na pale ambapo watu walikuwapo, waliondolewa. Watoto wa walioondolewa ndio leo wajumbe wa kamati. Wanapokuja kikaoni kuambiwa kuhusu mpango wa miaka mitano wa kulinda ndege, kichwani wana swali ambalo ajenda haina nafasi yake.

Sheria za kimataifa zimeanza kulikubali swali hilo. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linasema watu hao wasihamishwe katika ardhi yao bila ridhaa yao, iliyotolewa kwa hiari, mapema, na wakiwa na taarifa kamili. Mwaka 2010 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Waendorois, walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya kupisha hifadhi ya wanyama, zilikuwa zimevunjwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika yenye makao yake Arusha iliamua vivyo hivyo kuhusu Waogiek wa msitu wa Mau, na ikakataa hoja kwamba kuwaondoa kulihitajika ili kuunusuru msitu. Hoja hiyo hiyo bado ninaisikia ikitolewa maofisini kana kwamba haijawahi kupimwa na mahakama yoyote.

Simaanishi kwamba kila mpaka ufutwe. Ninamaanisha kwamba madai ya ardhi yakifichwa chini ya meza, kila kikao kitakuwa kikao cha madai hayo, hata kama mnazungumzia mizinga ya nyuki. Na iko njia ya kuyaweka mezani bila kusubiri kila kitu kitatuliwe. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Gwaii Haanas, visiwa vya Wahaida, watu wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada. Mwaka 1985 Wahaida walifunga barabara kuzuia ukataji wa miti ya kale, na wengi wao, wakiwamo wazee, walikamatwa. Mwaka 1993 wakatia sahihi mkataba na serikali ya Kanada. Ukiusoma utaona safu mbili zilizowekwa bega kwa bega. Upande mmoja Wahaida wanasema visiwa hivi ni vyao kwa urithi. Upande wa pili serikali inasema ni mali ya dola. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake kumeza maneno yake. Kisha wote wawili wakakubaliana kwamba, pamoja na kutofautiana huko, eneo lilindwe, na litaendeshwa na bodi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande, inayotafuta maafikiano. Ugomvi wa umiliki haukumalizwa, lakini ulitambuliwa kwa maandishi, na kazi ikaanza.

Pale umiliki ulipokwisha kurudishwa, mambo yanakwenda mbali zaidi. Uluru, ule mwamba mkubwa wa katikati ya Australia, ulirudishwa kwa Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, tarehe 26 Oktoba 1985, nao wakaikodisha ardhi kwa serikali kwa miaka 99 iendelee kuwa hifadhi ya taifa. Katika bodi ya hifadhi, Waanangu ndio wengi. Kwa miaka mingi waliomba watalii wasiupande mwamba huo kwa sababu ni mahali patakatifu, na wengi wakaendelea kuupanda. Mwaka 2017 bodi iliamua upandaji ukomeshwe, na tarehe 26 Oktoba 2019 ukakomeshwa. Watalii wengi hawakupenda, lakini ulikomeshwa. Huo ndio uamuzi wa aina ninayokuambia upigie mstari.

Sasa tuje kwenye mitego. Unaposema inaongezeka, nitakuuliza: ni nani anajua imetegwa? Nina hakika vijijini wanajua, na pengine wanajua hata jina. Anayetega anapita njia ile ile, anauza kwa watu wale wale. Kazi ngumu ni kumfanya jirani yake aone kwamba mtego ule ni hasara yake yeye pia.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zilizotunza misitu, maji na malisho yao ya pamoja kwa muda mrefu sana, na zile zilizoshindwa. Aliona baadhi ya mambo yakijirudia kwa waliofaulu. Mipaka ya eneo na ya wanaostahili kulitumia inajulikana. Wanaoguswa na kanuni wanaweza kuzibadili. Walinzi ni watumiaji wenyewe au wanawajibika kwao. Adhabu huanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Kuna mahali pa karibu, pasipo na gharama, pa kumaliza ugomvi. Na serikali haiingilii haki yao ya kujipangia. Ukiipima hifadhi yako kwa vipimo hivyo utaona ilivyo kinyume: kanuni zimetoka juu, askari anawajibika makao makuu, na aliyekutwa na mzigo wa kuni hupelekwa mahakamani pamoja na mwenye bunduki. Kijana wa kuni akirudi kutoka mahabusu, kijiji kizima kimeshaamua kiko upande wa nani.

Namibia walilijaribu jambo hili kabla halijawa na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko kaskazini-magharibi, ujangili na ukame vilikuwa vimewamaliza tembo na vifaru weusi karibu wote. Mhifadhi mmoja, Garth Owen-Smith, alikaa na viongozi wa jadi, wakakubaliana wawe na walinzi kutoka vijijini. Walinzi hao walichaguliwa na viongozi hao na kuwajibika kwao. Hapa naomba usipite haraka. Wangeweza kuajiriwa na ofisi, wakavaa sare ya ofisi, na vijiji vingewaona kuwa wapelelezi. Kwa kuwa walitumwa na wazee wao, habari ya jangili ilirudi kwa wazee, na jangili akajikuta ana kesi nyumbani kwake kabla ya kufika polisi. Wanyama wakaanza kuongezeka tena. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1990, uzoefu huo ulisaidia kutunga sheria ya mwaka 1996 iliyoziruhusu jamii kuunda hifadhi zao na kupata haki juu ya wanyamapori na mapato ya utalii. Hifadhi nne za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998, na sasa zimepita 80. Ili kusajiliwa, jamii inatakiwa iwe na orodha ya wanachama, mpaka uliokubaliwa na majirani, katiba, kamati, na utaratibu wa kugawana manufaa kwa haki. Jambo la mpaka lilichukua miaka kwa baadhi yao. Ninaona ilikuwa miaka iliyotumika vizuri, kwa sababu walibishana wao kwa wao, kabla ya kuingia fedha.

Fedha ndizo watu wengi huanza nazo, na mimi nimezichelewesha makusudi. Mgao wa mapato bila madaraka huwa zawadi, na zawadi haimfanyi mtu kuwa mwenye mali. Uganda hutoa asilimia 20 ya viingilio vya getini kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi. Nepal, kwa utaratibu ulioanza miaka ya 1990, huelekeza kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi kwa wanaoishi katika ukanda unaoizunguka. Hizo ni sheria njema. Ila ukienda kumuuliza mwanakijiji mmoja mmoja amepata nini, jibu hutegemea sana njia ambayo fedha zilipita na mahali zilipotua.

Tatizo lenyewe ni hili. Hasara ya hifadhi humwangukia mtu mmoja, na faida yake hugawanywa kwa wote. Nyani na tembo hawaharibu mashamba ya kijiji kizima. Wanaharibu shamba la yule aliye mpakani, usiku mmoja, na mara nyingi yule aliye mpakani ndiye maskini zaidi, kwa sababu mwenye uwezo hakukubali kulima pale. Kisha mwisho wa mwaka kijiji kinajengewa darasa. Darasa ni jema, lakini mwenye shamba lililoliwa ameulipia ulinzi wa msitu peke yake, na darasa analigawana na watu elfu mbili. Ningekuwa wewe, ningeanza kwa kuandika majina ya kaya zilizopata hasara katika miaka hii mitatu, nikaiweka orodha hiyo mbele ya kamati, kisha nikawauliza wao fedha za mwaka huu zianzie wapi. Na kiasi chote kilichoingia na kilichotoka kisomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, shilingi kwa shilingi, na mtu wa kijiji, asisome afisa.

Hapa pia niseme juu ya neno "jamii", maana tunalitumia kama vile ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Bwindi, msitu wa sokwe wa milimani nchini Uganda, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwanzo wake ulikuwa wa uhasama mkali, pamoja na mioto. Baadaye wakulima wa baadhi ya maeneo yanayopakana nao waliruhusiwa kwa makubaliano maalumu kufuga nyuki ndani ya msitu, kuchuma dawa na kukata mimea ya kusukia vikapu. Uhasama ukapungua, na Bwindi ikawa mfano unaotajwa sana. Lakini Wabatwa, ambao msitu ulikuwa nyumba yao na waliotolewa humo, hawakuwa na ardhi nje. Mipango iliyomlenga jirani mwenye shamba iliwapita pembeni. Hifadhi ilikuwa imezungumza na "jamii", na waliopoteza zaidi hawakuwa ndani ya neno hilo.

Na wanawake. Bina Agarwal, mchumi kutoka India aliyechunguza kwa miaka mingi kamati za misitu za India na Nepal, aligundua kwamba mwanamke mmoja au wawili katika kamati ya wanaume hukaa kimya; wanawake wakifika robo hadi theluthi ya wajumbe, ndipo huanza kuhudhuria kwa uhakika na kusema. Aligundua pia kwamba kamati zenye wanawake wengi zaidi katika uongozi zilikuwa na misitu iliyohuika vizuri zaidi. Haishangazi. Anayeingia msituni kila siku kutafuta kuni na dawa ndiye anajua kisima kipi kimekauka na kona ipi mti umeangushwa jana. Angalia kamati yako ina wanawake wangapi, na kikao chako ni saa ngapi. Kikao cha asubuhi wakati kazi za nyumbani zimepamba moto kimeshachagua wajumbe wake.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na uamuzi mmoja, mdogo, wenye matokeo yanayoonekana upesi, na uutoe kweli. Kusini-magharibi mwa Madagaska, katika kijiji cha wavuvi cha Andavadoaka, mwaka 2004 wanakijiji walikubali kufunga sehemu moja tu ya mwamba wa bahari kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana. Walipofungua walivua pweza wakubwa kuliko waliowazoea, na vijiji vya jirani vilivyokuja kutazama vikataka kufanya vilevile. Haikupita muda mrefu vijiji vingi vya pwani ile vikaungana katika eneo moja la bahari walilolitawala wao, Velondriake, kwa kanuni za kimila zilizotambuliwa na mamlaka, na humo wakatenga sehemu za mwamba zisizovuliwa kabisa. Angekuja mtaalamu siku ya kwanza akawataka wafunge mwamba milele, angefukuzwa. Kufunga kwa muda kuliwapa sababu ya kuamini kanuni zao wenyewe.

Kwenu msituni, pweza wenu ni nini? Huenda ni asali. Huenda ni majani ya malisho wakati wa kiangazi, au njia ya kupita kwenda kwenye maji iliyofungwa bila sababu ya maana. Sijui, wala wewe usijifanye unajua, waulize. Kikishatajwa, andikeni pamoja nani ataruhusiwa, lini, kiasi gani, nani atahesabu, na anayevunja atafanyiwa nini mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Halafu, na hapa maofisa wengi tunashindwa, wakiamua tofauti na ulivyotaka, uache uamuzi usimame kwa msimu mmoja. Ukiubatilisha ule wa kwanza, hutapata wa pili. Kuna mambo ambayo sheria haikuruhusu kuyaachia, kama vile kuua mnyama aliye hatarini kutoweka. Yataje siku ya kwanza, kwa uwazi, na yawe machache.

Nimebakiza hofu ya mkuu wako, na sipendi kuidharau. Jamii hushindwa. Zipo zilizopewa msitu zikaukata. Ukichunguza zilizoshindwa utakuta mara nyingi walipewa kazi ya ulinzi bila haki ya kumzuia mtu wa nje, au waliambiwa makubaliano ni ya mwaka mmoja, au viongozi wachache waliuza magogo usiku na hapakuwa na mkutano wa kuwahoji. Mtu asiyejua kama mwakani msitu utakuwa wake ana kila sababu ya kuchukua leo. Kwa hiyo mkuu wako akiuliza itakuwaje wakipewa madaraka, mrudishe kwenye msitu wa leo, ambao hawana madaraka juu yake: mitego, mioto miwili, na mahudhurio yanayoshuka.

Kisha mweleze habari ya Duru-Haitemba, wilayani Babati, Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu ule wa miombo kuwa hifadhi ya serikali. Vijiji vinane vinavyouzunguka viliposikia unachukuliwa, matumizi yakaongezeka badala ya kupungua, maana kila mtu alitaka kupata chake kabla mlango haujafungwa. Maofisa wa wakati ule wangeweza kusema wanavijiji ni waharibifu, na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yao. Badala yake walikubali kujaribu: kila kijiji kikapewa sehemu yake ya msitu kuimiliki na kuisimamia, kikaweka mpango wake na sheria ndogo zake, kikachagua walinzi wake. Ukataji ukashuka, na msitu ukaanza kujirudishia. Kanuni walizojiwekea baadhi ya vijiji zilikuwa kali kuliko ambazo ofisi ingethubutu kuzitunga. Uzoefu wa huko ulichangia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyotambua misitu ya hifadhi ya vijiji nchi nzima.

Na kama bado ana shaka, yako pia ya Wamakuleke wa Afrika Kusini. Waliondolewa kwa nguvu mwaka 1969 kutoka ncha ya kaskazini ya hifadhi ya Kruger, wakarudishiwa ardhi yao mwaka 1998, karibu hekta 25,000. Sheria iliwapa umiliki kamili. Walichagua kutorudi kuishi pale; waliiacha iendelee kuwa hifadhi, chini ya bodi ya pamoja, na kutafuta riziki kwenye utalii. Haikuwa shwari: miaka ya mwanzo waliruhusu uwindaji kidogo, na wahifadhi wengi hawakufurahi. Wakabishana ndani ya bodi, kama wabia wanavyobishana, na ardhi ile bado ni hifadhi.

Usimwombe mkuu wako kamati mpya wala semina. Mwombe idhini ya uamuzi mmoja kuachiwa vijiji kwa msimu mmoja, kwa maandishi yenye sahihi yake. Na kikao kijacho usiende na mawasilisho. Nenda na ramani kubwa ya karatasi, uitandike chini, mzee mmoja wa kila kijiji aonyeshe mpaka ulikuwa wapi alipokuwa mtoto. Wakimaliza, waombe wakuonyeshe mioto miwili ya mwaka huu ilianzia wapi, na ardhi ya pale ilikuwa ikilimwa na ukoo gani kabla ya hifadhi.